Norwe ya Kaskazini na Chuo Chake Kikuu

Kwa sisi tunaoishi Kenol, Murang'a, jua ni la kutegemewa. Linachomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, linazama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, na kati ya Januari na Desemba tofauti ni ndogo. Mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, hauna desturi hiyo. Uko kilomita kama 350 kupita mstari wa Aktiki. Mwishoni mwa Novemba jua hutua na halionekani tena hadi katikati ya Januari. Kisha kuanzia karibu Mei 20 hadi karibu Julai 22 halizami kabisa, na watu huziba madirisha kwa mapazia mazito ili wapate usingizi. Baridi yenyewe si kali kama mtu anavyodhani, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka Atlantiki hupita pwani hiyo na kuifanya bandari isigande hata katikati ya majira ya baridi.

Watu ni wachache. Wakazi wa Tromsø hawafiki laki moja, na Norwe ya Kaskazini yote, ambayo ni nchi ndefu ya milima, visiwa na ghuba nyembamba, haina watu nusu milioni. Kaunti ya Murang'a peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni moja mwaka 2019. Hata hivyo, Bunge la Norwe liliamua mwaka 1968 kwamba chuo kikuu kijengwe huko, na mwaka 1972 kikafunguliwa. Wapo waliopinga, wakisema elimu ya juu haiwezi kustawi mbali hivyo. Wengi wetu hudhani Wanorwe walijenga kwa sababu wana mafuta. Uamuzi ulipopitishwa, kisima kikubwa cha mafuta cha Ekofisk kilikuwa bado hakijagunduliwa. Kiligunduliwa mwaka uliofuata. Pesa za mafuta zilikikuza chuo, lakini sizo zilizokizaa.

Kilichokizaa ni uhaba wa madaktari. Waliosomea Oslo na Bergen hawakutaka kwenda kuishi gizani, na waliokwenda hawakukaa. Basi ikaonekana heri vijana wa kaskazini wasomeshwe kwao, wafanye mazoezi katika hospitali na zahanati za kwao, na wengi wabaki huko. Ikawa hivyo.

Kazi iliyokipa chuo jina duniani ilianzia hapo hapo kwenye udaktari. Wanaume wa kaskazini walikuwa wakifa mapema kwa maradhi ya moyo kuliko wenzao wa kusini. Mwaka 1974 watafiti waliwaita wanaume wa mji, wakawapima damu, shinikizo la damu na uzito, wakawauliza wanakula nini na wanakunywa nini. Baadaye wakaita na wanawake. Wakarudia, na kurudia tena, hadi awamu ya saba ya mwaka 2015 na 2016, na jumla ya watu waliopimwa angalau mara moja ikapita 45,000. Kumfuata mtu yuleyule kwa miaka arobaini ni kazi ngumu isiyo na sifa za haraka, na ndiyo inayoonyesha maradhi yanavyoanza polepole kabla hayajamlaza mtu kitandani.

Hapa ndipo sisi wa miteremko ya Mlima Kenya tunapoingia, maana mwaka 1983 watafiti hao walitangaza kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa mjini Tromsø walikuwa na kolesteroli nyingi zaidi katika damu. Habari hiyo ilitatiza, kwa sababu katika nchi nyingine uhusiano huo haukuonekana wazi. Uchunguzi uliofuata ulifika kwenye birika. Kaskazini mwa Norwe, unga wa kahawa ulikuwa ukichemshwa majini na kumiminwa kikombeni bila kuchujwa. Buni ina mafuta yenye kemikali zinazopandisha kolesteroli. Maji yanayochemka huyatoa, na chujio la karatasi huyazuia karibu yote. Kosa basi lilikuwa la upishi. Kwa mkulima wa Nyeri au Kirinyaga hili ni jambo la kulijua vizuri, kwani Wanorwe ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani, na maduka mazuri ya Oslo huuza kahawa ya Kenya kwa kutaja hata kiwanda ilikomenywa. Na kwa anayechemsha kahawa sufuriani nyumbani kila siku, ushauri wa Tromsø ni rahisi: ichuje kwa karatasi.

Angani nako kuna kazi. Kituo cha kuchunguza mianga ya kaskazini, ile mianga ya kijani na zambarau inayocheza usiku, kilifunguliwa Tromsø mwaka 1930 na baadaye kikaunganishwa na chuo. Mianga hiyo hutokea chembe zinazorushwa na jua zinapoongozwa na usumaku wa dunia hadi karibu na ncha zake na kugongana na hewa ya juu. Tangu mwaka 1981, rada kubwa za shirika la utafiti la EISCAT zilizoko Ramfjordmoen, nje kidogo ya mji, zimekuwa zikipima hewa hiyo. Dhoruba za jua huvuruga setilaiti na mawasiliano, hata ile ramani ya simu inayomwongoza dereva wa lori kutoka Kenol hadi Marua.

Baharini, meli za utafiti zimechora sakafu ya Bahari ya Barents na kukuta mashimo makubwa, mengine yenye upana unaofikia kilomita moja. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2017 ilieleza kwamba yalifumuka miaka kama 12,000 iliyopita. Barafu nzito iliyofunika bahari iliyeyuka, mgandamizo ukapungua, na methani iliyokuwa imegandishwa chini ikalipuka. Sisi tunaotazama barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya ikizidi kunyauka hatuna sababu ya kuiona habari hiyo kuwa ya wengine. Wanakemia wa Tromsø nao walitoa kimeng'enya kutoka kwa kamba wadogo wa maji baridi, ambacho sasa kinatumika katika maabara zinazochunguza DNA. Na wanabayolojia waligundua kwamba macho ya kulungu wa kaskazini hubadilika ndani, kutoka rangi ya dhahabu wakati wa kiangazi hadi buluu wakati wa giza, ili yanase mwanga mdogo uliopo.

Kulungu hao wana wafugaji wao, Wasami, wenyeji wa kale wa nchi hiyo. Habari zao zitamchoma Mgikuyu yeyote aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mamake shuleni. Kwa karibu karne moja serikali ya Norwe iliendesha sera ya kuwageuza kuwa Wanorwe, na watoto walikatazwa Kisami darasani. Wasomi wa kusini walifika hata kufukua mafuvu ya Wasami makaburini ili wayapime. Mfalme Harald aliomba radhi mwaka 1997, miaka minane baada ya Bunge la Wasami kufunguliwa, na tume ya ukweli na maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2023. Chuo cha Tromsø leo kina jina la Kisami pamoja na la Kinorwe. Kina kituo cha masomo ya Wasami, na wataalamu wake wa lugha hutengeneza programu za kusahihisha tahajia na kutafsiri Kisami, lugha ambayo wasemaji wake ni maelfu tu. Kwangu mimi hii ni kazi kubwa kupita zile rada.

Hapa kwetu tuna Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri, tuna cha Karatina, na tangu 2016 tuna vyuo vikuu kamili vya Murang'a na Kirinyaga. Tuna mlima unaopoteza barafu, mito inayotegemea mlima huo, mibuni, chai, na lugha za kina nyanya zetu. Wakuu wa vyuo hivi na magavana wetu wachague mambo mawili matatu yaliyo mlangoni, wayalipie, wasiyaache kwa miaka arobaini.

Kwa kijana anayetamani kwenda Tromsø, ajue kwamba tangu mwaka 2023 Norwe huwatoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, na gharama ya maisha huko ni kubwa. Mlango ulio wazi zaidi ni wa uzamivu. Mtafiti wa uzamivu nchini Norwe huwa mwajiriwa mwenye mshahara, nafasi hutangazwa hadharani, na mgeni anaruhusiwa kuomba.