Ajali Haina Kinga?

Kikombe kimeanguka, kimevunjika. Kabla mama hajafungua kinywa, mtoto ana jibu tayari: "Sikukusudia!" Nasi watu wazima tunalo la kwetu. Moto tuliouwasha umeunguza shamba la jirani, au mbwa wetu amemng'ata mtoto wa watu, twasema, "Ajali haina kinga."

Je, maneno hayo yatosha? Mpendwa msomaji, mwezi huu tumependa tuitazame sheria waliyopewa Waisraeli kwa mkono wa Musa. Jambo hili limeelezwa humo kwa kirefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

SHOKA NA MPINI WAKE

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, chatoa mfano wa watu wawili waliokwenda msituni kukata kuni. Mmoja ainua shoka, chuma chachomoka katika mpini, champiga mwenzake, naye afa. Hapakuwa na chuki kati yao. Torati haimwiti mtu huyu mwuaji. Yamruhusu akimbie aokoe maisha yake, kabla ndugu wa marehemu hawajamfikia kwa hasira.

Lakini yule aliyemchukia jirani yake, akamvizia na kumwua, hana pa kujificha. Hata akishika madhabahu, asema Kutoka 21:14, aondolewe hapo.

Moyo wa mtu hauonekani. Waamuzi walijuaje basi? Walitazama yale yanayoonekana. Alitumia chombo gani: chuma, jiwe au gongo la kuweza kuua? Je, walikuwa maadui? Alimvizia? Na ushahidi wa mtu mmoja haukutosha kumhukumu mtu kufa (Hesabu 35:30).

MIJI YA MAKIMBILIO

Ilitengwa miji sita. Kedeshi, Shekemu na Hebroni ilikuwa magharibi ya Yordani. Bezeri, Ramothi na Golani mashariki. Mkimbizi alisimama langoni akawaeleza wazee habari zake, nao wakampa mahali pa kukaa. Kisha kesi yake iliamuliwa mbele ya mkutano.

Tuangalie sana linalofuata. Akionekana kuwa hakukusudia, hakurudi kwake kesho yake. Alirudishwa katika mji ule, akae humo mpaka kuhani mkuu afe. Akitoka nje ya mipaka, mlipiza kisasi angeweza kumwua bila kuhesabiwa hatia. Wala fedha haikuweza kufupisha siku zake; tajiri na maskini walikuwa sawa.

Kwa nini, ikiwa hakukusudia? Kwa sababu mtu amekufa. Kuna mjane na yatima nyumbani kwa marehemu, na machozi yao si ya bahati mbaya. Sheria ilimhurumia aliyeua bila kukusudia, lakini haikujifanya kwamba hakuna lililotokea.

MAMA WA KUHANI MKUU

Marabi wa Kiyahudi walikusanya mafundisho yao katika Mishna, yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Humo twasoma habari ambayo sisi akina mama hatuwezi kuipita hivi hivi. Mama za makuhani wakuu walikuwa wakiwapelekea wakimbizi wale chakula na nguo, ili wasiombe wana wao wafe!

Fikiri hali ya mama huyo. Mwanawe yuko hekaluni amevaa mavazi matakatifu, na mbali kidogo kuna watu wanaohesabu siku, ambao kifo cha mwanawe ndicho uhuru wao. Angeweza kuwachukia. Badala yake alijaza kikapu. Huenda alianza kwa hofu tu, lakini waliokuwa wametengwa na jamaa zao walikula.

NG'OMBE, SHIMO NA DARI

Sasa turudi kwenye ule msemo wetu. Kutoka sura ya 21 yasema ng'ombe akimwua mtu kwa pembe, ng'ombe atapigwa mawe, bali mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi hiyo, mwenyewe akaonywa asimfunge, hapo damu ni juu yake. Ng'ombe ni yule yule, na kifo ni kile kile. Tofauti ni kwamba huyu alijua, akanyamaza.

Aliyechimba shimo asilifunike, akatumbukia punda wa mtu, hana budi kulipa. Aliyewasha moto ukateketeza nafaka ya mwenziwe hana budi kulipa. Na ajengaye nyumba aliamriwa azungushe ukuta mfupi juu ya dari yake, mtu asije akaanguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Hao wote hawakukusudia. Basi ajali nyingi zina kinga, na kinga hiyo imewekwa mikononi mwetu.

TUANZIE NYUMBANI

"Sikukusudia" ni neno la kweli, na mtoto anayelisema kwa kweli asipigwe kama aliyefanya makusudi. Huo ndio uadilifu wa Torati. Lakini neno hilo lajibu swali moja tu. Yamebaki mawili: Je, ningeweza kujua? Na sasa nitengeneze nini?

Mishna yaongeza kwamba aliyemwumiza mwenzake, hata akilipa yote, hajasamehewa mpaka amwombe msamaha. Naye aombwaye asiwe na moyo mgumu. Bwana Yesu naye alifundisha kwamba mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake (Mathayo 5:23-24).

Basi tuwafundishe watoto wetu kwamba baada ya "sikukusudia" yafuata "nisamehe", na baada ya "nisamehe" mtu huchukua ufagio akaviokota vile vigae. Nasi wazazi tutangulie. Leo jioni tutazame uani: kisima kina kifuniko? Sumu ya panya iko wapi? Na yuko jirani tuliyemwumiza bila kukusudia, ambaye hatujamwendea?