Je, Wajua? Mkungu mmoja wa ndizi na mlima wa Kamachumu

Je, wajua kwamba IST ya teksi inayokushusha stendi ya Bukoba haijaachwa mbali kwa farasi na pikapu ya Land Cruiser inayoshusha ndizi kutoka Muleba? Injini ya IST yenye lita 1.5 hutoa nguvu za farasi 109 hivi. Ile dizeli ya Land Cruiser ya lita 4.2 isiyo na turbo, 1HZ, ambayo fundi wa Hamugembe, hapa Bukoba, huitambua kwa mlio kabla haijakata kona, hutoa farasi wapatao 130. Wamepishana farasi ishirini na kitu tu. Lakini hakuna dereva atakayeifungia IST tela la matofali na kuanza nalo safari ya kupanda Kamachumu.

Farasi ni hesabu ya kazi inayofanyika ndani ya muda fulani, na IST huwapata farasi wake wote pale injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani inapopiga kelele. Kinachoamua mzigo usimame au uende ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita. Hapo IST ina 141 tu, tena kwenye mizunguko 4,200. 1HZ ina 285, na inazitoa zote kwenye mizunguko 2,200, injini ikiwa bado inanguruma taratibu. Injini zote mbili zikizunguka mara 2,200, kazi inayotoka kwenye IST haifiki hata nusu ya ile ya Land Cruiser.

Ukitaka kuziona hizo nyutoni-mita 285 kwa macho, chukua spana ya urefu wa mita moja, ikamatishe kwenye nati, iache ilale sawa na ardhi, kisha tundika kwenye ncha yake mkungu wa ndizi wa kilo 29. Nguvu inayoikaza nati hapo ndiyo nguvu ya kuzungusha ya 1HZ. Ni mkungu mmoja tu, ambao mama anaweza kuubeba kichwani kutoka kibandani hadi barabarani. Wengi hawaamini kwamba pikapu yenye sifa zote hizo inaanza na kiasi kidogo namna hiyo.

Mambo hubadilika kwenye giaboksi. Gia namba moja ya pikapu hizo huizidisha nguvu ya injini karibu mara 4. Ikitoka hapo hushuka kwenye propela hadi kwenye difu, nayo difu huizidisha tena karibu mara 4. Zile 285 zinafika kwenye matairi zikiwa kama 4,500, ukiacha kidogo kinachopotea kwa msuguano wa meno na oili. Mkungu mmoja umekuwa mikungu kumi na sita. Dereva akiingiza fowili upande wa gia nzito, nguvu hiyo inazidi tena zaidi ya mara mbili. Gharama yake ni mwendo: kwenye gia hiyo ya kwanza injini huzunguka mara kumi na sita ili tairi lizunguke mara moja. Gia haizalishi hata farasi mmoja mpya. Inabadilisha mwendo kuwa msukumo, basi. Ndiyo maana dereva anayeng'ang'ania gia namba tatu mlimani, akikanyaga mafuta mpaka moshi mweusi ufunike barabara, anaomba kitu ambacho injini haina, ilhali giaboksi ilikuwa tayari kumpa.

Hesabu ya mlima ni fupi na kila mwenye tela angepaswa kuijua. Barabara inayopanda mita 10 katika kila mita 100 huurudisha mzigo nyuma kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Pikapu na tela zenye tani 5 kwa pamoja zinavutwa kurudi chini kana kwamba kuna kilo 500 zimening'inizwa nyuma yake, na hapo hujahesabu matope. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo matope si jambo la kusahau. Kwenye utelezi, nguvu ya kuzungusha iliyozidi ni hasara: tairi huzunguka bure, huchimba shimo lake lenyewe na kuzama. Dereva mzoefu aliyenasa huanza na gia namba mbili, taratibu, akipunguza nguvu kwa makusudi ili tairi lipate kushika.

Je, wajua kwamba dizeli isiyo na turbo hutoa nguvu ndogo ya kuzungusha kuliko petroli ya ukubwa unaokaribiana nayo? Jambo hili huzua ubishi mkubwa vijiweni, lakini takwimu za Toyota zenyewe zinalimaliza. Land Cruiser ya petroli ya lita 4.5 iliyouzwa miaka ya 1990 ilitoa zaidi ya nyutoni-mita 350, wakati 1HZ ya lita 4.2 inaishia 285. Kilichoipa dizeli ufalme wake ni turbo, feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuishindilia hewa ndani ya silinda. Alfred Büchi wa Uswisi aliliandikia hataza wazo hilo mwaka 1905. Dizeli na turbo ni ndugu wa damu, kwa sababu dizeli hukandamiza hewa tupu, haina hofu ya mafuta kulipuka kabla ya wakati, hivyo unaweza kuijaza hewa nyingi kuliko petroli ingevumilia. Toyota walipoiweka turbo kwenye dizeli ya silinda sita ya lita hizohizo 4.2 na kuipa sindano zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ilifika 430. Leo injini yao ya lita 2.8, ndogo kwa theluthi nzima, inatoa 500.

Na hapa Kagera turbo ina sababu ya ziada ya kupendwa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vya Bukoba na Muleba vinapanda juu ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Pikapu isiyo na turbo iliyonunuliwa pwani hufika Bukoba ikiwa imekwisha kupoteza karibu sehemu hiyohiyo ya nguvu yake, na hakuna kilichoharibika. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi huongeza mafuta kwenye pampu, matokeo yake ni moshi, kwa sababu kilichopungua ni hewa na pampu haiwezi kuiongeza. Turbo huirudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo.

Je, wajua kwamba injini ileile moja inaweza kuuzwa na nguvu mbili tofauti kulingana na giaboksi iliyofungiwa? Chukua Hilux ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2020. Ya otomatiki ina nyutoni-mita 500. Ya manyuo ina 420. Kompyuta ya gari huizuia injini isitoe zaidi, kwa sababu giaboksi ile ya manyuo na klachi yake havikuundwa kubeba zote. Huko Marekani, ambako pikapu za dizeli huvuta tela la ng'ombe au trekta zima, pengo lilikuwa kubwa zaidi: Ram ya mwaka 2018 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7 ilipewa takriban nyutoni-mita 895 ikiwa ya manyuo, na 1,261 ikiwa ya otomatiki nzito zaidi. Mwaka uliofuata Ram waliacha kabisa kuuza manyuo kwenye pikapu hizo. Sasa Ford wana pikapu ya dizeli ya farasi 500 na nyutoni-mita zaidi ya 1,600, ikiwa na otomatiki ya gia 10. Scania R420, aina tunayoiona ikivuta semi kwenda Rwanda na Burundi, ina 2,100. Pikapu imelikaribia lori.

Katika ushindani huo wa Wamarekani kuna jina ambalo hata mtoto wa Hamugembe analijua. Dizeli ya Duramax, inayofungwa kwenye pikapu kubwa za Chevrolet, ilibuniwa na General Motors pamoja na Isuzu wa Japani, na kiwanda chao cha ubia kikajengwa katika jimbo la Ohio. Pikapu za kwanza zilitoka kama modeli ya mwaka 2001. Ni Isuzu haohao ambao malori yao yanaunganishwa Nairobi.

Zamani otomatiki ilihesabiwa kuwa ya watu wa mjini wasiojua klachi. Imekuwaje ikashinda kwenye kazi nzito? Jibu liko kwenye chombo kiitwacho toki konveta, kilichobuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905 kwa ajili ya meli, wala hakuwa anafikiria magari. Ndani yake hamna sahani za kusuguana. Kuna feni mbili zinazotazamana ndani ya oili, moja inazungushwa na injini na kuisukumia oili nyingine iliyoungana na giaboksi, na katikati yake bapa za kuirudisha oili kwa nguvu. Gari linapoanza kuondoka na mzigo, chombo hicho huizidisha nguvu ya injini hadi karibu mara mbili kabla hata gia namba moja haijafanya kazi yake, na hakuna klachi pleti ya kuungua. Yeyote aliyewahi kunusa klachi ikiungua mlimani anajua thamani ya hilo.

Oili hiyohiyo ndiyo inayowaponza watu wanapovuta gari bovu, na mimi naumia kila ninapoona jambo hili likifanyika. Pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikizimika, pampu imekufa. Ukilifunga gari hilo kamba na kulivuta matairi yanayoendesha yakiwa chini, gia zinazunguka zikiwa kavu, na katika kilomita chache giaboksi iliyokuwa nzima inakuwa chuma chakavu. IST, Spacio na ndugu zao wengi huendeshwa na matairi ya mbele, kwa hiyo ni matairi ya mbele yanayotakiwa kuinuliwa. Lenye fowili ya muda wote lipandishwe lote juu ya gari jingine. Kwa sababu hiyohiyo otomatiki za kawaida za siku hizi haziwaki kwa kusukumwa, hata wakija vijana wa mtaa mzima. Gari la manyuo linavumilia zaidi, likiwekwa frii, kwa umbali mfupi.

Kupanda ni nusu ya safari. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini iliyotajwa hapo juu, alikuwa ndani ya lori la dizeli likivuka Marekani kuonyesha uwezo wa injini zake. Kwenye mteremko mrefu wa Cajon Pass, California, breki zilizidiwa na joto, lori likakimbia bila kizuizi, na likaponea chupuchupu kugonga treni iliyokuwa ikivuka barabara. Hakuisahau siku ile. Alipozeeka alibuni breki ya injini inayofungua vali za moshi wakati hewa imekwisha kukandamizwa, nguvu yake ikapotea nje badala ya kuisukuma pistoni, na kiwanda cha Jacobs kikaanza kuiuza mwaka 1961. Fuso na Canter zetu zina njia rahisi zaidi, egzosti breki, mlango unaoziba bomba la moshi ukivuta kijiti pembeni ya usukani. Dizeli inahitaji msaada huo kwa sababu haina mlango wa kubana hewa inayoingia kama petroli, hivyo ukiachia mafuta haijizuii sana yenyewe.

Kuna madereva wanaoshuka na frii wakidhani wanaokoa mafuta. Wanapoteza. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu ya dizeli hukata mafuta yote, na ni matairi yanayoizungusha injini. Likiwa frii, injini inaendelea kunywa ili isizimike, na mzigo wote umeachiwa breki peke yake.

Kwa hiyo nawaomba wachomeleaji wa matela, Hamugembe na kwingineko: mteja akija na pikapu yake, msimjengee tela kwa kutazama nguvu ya injini. Kwa Land Cruiser 79 inayouzwa Australia, Toyota wanaruhusu kuvuta hadi kilo 3,500, mradi tela liwe na breki zake lenyewe. Kwa pikapu ileile, injini ileile na giaboksi ileile, tela lisilo na breki halitakiwi kuzidi kilo 750.