Kompyuta mpya, CD za zamani: Je, kisoma-diski bado kina kazi?

Anayenunua kompyuta mpya ya mezani siku hizi huenda akagundua jambo moja akishaifikisha nyumbani: uso wake hauna tena kile kijidroo kilichokuwa kikichomoza kupokea CD au DVD. Kwa wengi hilo si neno. Kwa wengine, wenye kabati lililojaa CD za harusi, mawaidha, kwaya na picha za wazee waliotangulia mbele ya haki, swali huja papo hapo: hizi nitazisomea wapi?

Swali hilo limepata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, na wenyewe wanalazimika kufikiria kuzibadilisha. Mashine hizo zinazoondoka, mara nyingi, ndizo zenye kisoma-diski.

Jibu fupi ni kwamba kompyuta ya leo haikihitaji kifaa hicho ili ifanye kazi. Lakini kabla hujaiuza au kuigawa ile ya zamani, fungua kabati uangalie kilichomo.

Kilikotoka na kilikokwenda

CD ilizinduliwa mwaka 1982 na kampuni za Sony ya Japani na Philips ya Uholanzi kwa ajili ya muziki. Baadaye ikaingia katika kompyuta, na kwa zama zake ilikuwa ghala kubwa. CD moja hubeba takriban megabaiti 700, ilhali diski laini iliyokuwa ikitumika wakati huo ilibeba megabaiti 1.44 tu. Ungehitaji diski laini zaidi ya 480 kubeba mzigo wa CD moja. DVD, iliyoingia sokoni nchini Japani mwaka 1996, ilipandisha kiwango hadi gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja, na Blu-ray ya mwaka 2006 ikafikia gigabaiti 25.

Siri ya ongezeko hilo ni mwanga. Kisoma-diski humulika diski kwa mwale wa leza na kutambua alama ndogo mno zilizopangwa kwa mzunguko, kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, ya DVD 650, na ya Blu-ray 405. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo alama zinavyoweza kuwa ndogo, na taarifa nyingi zaidi huenea katika diski ileile yenye kipenyo cha sentimita 12. Ndiyo maana kisoma-CD cha zamani hakiwezi kusoma DVD hata ukikibembeleza vipi.

Kilichokiondoa kifaa hiki ni flashi na intaneti. Flashi ndogo kuliko kidole hubeba mzigo wa CD nyingi, na huandikwa na kufutwa mara kwa mara. Windows XP ya mwaka 2001 iliuzwa katika CD. Windows 10 ya mwaka 2015 ilipatikana dukani katika flashi. Na leo mtu hupakua Windows 11 mtandaoni na kuiweka katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Apple ilitoa kompyuta mpakato yake ya MacBook Air bila kisoma-diski mwaka 2008, na mwaka 2012 ikakiondoa katika iMac, kompyuta yake ya mezani. Watengenezaji wengi wa makasha ya kompyuta nao wakaiziba ile nafasi ya mbele iliyokuwa ikikipokea. Mwezi Februari 2025 Sony ikaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia.

Hapa kwetu mabadiliko hayo tuliyaona mitaani. Wapenzi wa filamu wanakumbuka DVD za DJ Afro wa Kenya, msimuliaji wa Kiswahili, na za VJ Jingo wa hapa Uganda anayesimulia kwa Kiluganda. Leo katika maduka ya filamu ya Kampala mteja huja na flashi yake mkononi, huchagua anachotaka, hunakiliwa na kuondoka.

Nani bado anakihitaji?

Wa kwanza ni mgonjwa. Hospitali nyingi duniani bado huwakabidhi wagonjwa picha za CT na MRI zikiwa katika CD. Anayepewa rufaa kwenda hospitali nyingine hubeba CD hiyo pamoja na barua, na daktari anayempokea sharti awe na mahali pa kuisomea.

Wa pili ni taasisi zenye kumbukumbu: vituo vya redio, studio, misikiti, makanisa, shule na ofisi zilizorekodi shughuli zao katika CD na DVD kwa miaka mingi. Hapo hatuzungumzii diski tatu au nne, ni masanduku.

Wa tatu ni mtu anayetaka nakala isiyoweza kuguswa. Diski ya kuandikwa mara moja haibadiliki tena. Virusi vinavyofuta au kufunga mafaili katika flashi haviwezi kuandika juu yake.

Wa nne, na pengine aliye wengi kuliko wote, ni familia. Kati ya miaka ya 2000 na 2015 hivi, mpiga picha wa harusi alikabidhi kazi yake katika DVD. Mara nyingi hakubaki na nakala. Ile iliyomo kabatini ndiyo pekee.

Cha ndani au cha nje?

Kwa familia nyingi, kisoma-diski cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB kinatosha. Hakidai kufungua kasha la kompyuta, kinatumika pia kwa kompyuta mpakato, na majirani au ndugu wanaweza kukinunua kwa kuchangiana. Kasoro yake ni umeme: hutegemea nguvu ya tundu la USB, na tundu likiwa dhaifu, diski huanza kuzunguka kisha ikasimama. Baadhi huja na waya wenye vichwa viwili ili vichomekwe katika matundu mawili kwa pamoja.

Kisoma-diski cha ndani kinafaa zaidi kwa mwenye mamia ya diski za kunakili. Hupata umeme wa kutosha kutoka ndani ya kompyuta, kwa kawaida husoma DVD kwa kasi kubwa kuliko vile vyembamba vya nje, na hakipotei. Kabla ya kukinunua, hakikisha kasha lina nafasi ya inchi 5.25 upande wa mbele, na kwamba ubao mkuu una tundu la SATA lililo wazi. Kama kompyuta ya zamani ina kisoma-diski chenye kiunganishi cha SATA, fundi anaweza kukihamishia katika mpya.

Jambo moja huwashangaza wengi: Windows 10 na 11 hazikuja na uwezo wa kuchezesha filamu za DVD. Unaweza kuunganisha kifaa kizima, chenye afya, na bado usione chochote. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, huondoa tatizo hilo.

Kwa nini usingoje

Diski za kiwandani, kama za albamu za muziki, hupigwa chapa. Alama zake zimo ndani ya plastiki yenyewe. Diski zilizochomwa nyumbani au studio ni kitu kingine. Ndani yake mna tabaka jembamba la rangi, na leza ya kuandikia huiunguza rangi hiyo ili kuacha alama. Rangi hiyo huchakaa kwa joto, unyevu na mwanga wa jua. Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani imewahi kueleza kwamba, kwa uzoefu, umri wa diski za namna hii ni miaka 2 hadi 5, ingawa watengenezaji hutaja 10, 25 au zaidi. Nyingine hudumu mno kuliko hapo, lakini hakuna ajuaye ipi itadumu. Harusi iliyorekodiwa mwaka 2008 imekwisha kuuvuka umri huo mara kadhaa.

Wengi huchunga upande unaong'aa na kuusahau ule wa juu. Katika CD, tabaka la taarifa limo chini kidogo tu ya upande wa jina. Mkwaruzo wa upande huo, au maandishi ya kalamu yenye ncha kali, huumiza kuliko mkwaruzo wa upande wa chini. DVD ina nafuu kidogo kwa sababu tabaka lake limebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki.

Namna ya kunakili bila kupoteza

Maelezo haya yanahusu rekodi zako mwenyewe. Filamu na albamu za kununua zina wenye haki zao.

Kwanza, safisha diski kwa kitambaa laini, ukifuta kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika taarifa nyingi zilizofuatana, na kifaa hushindwa kuziba pengo.

Pili, tambua aina ya diski. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Ukifungua CD ya sauti katika Windows, utaona mafaili yenye mkia wa .cda, moja kwa kila wimbo. Hayo si nyimbo. Kila moja lina baiti 44 tu, nalo huonyesha mahali wimbo ulipo katika CD. Ukiyanakili katika flashi na kuitupa CD, umebaki na orodha bila sauti. Mwandishi wa makala haya alikwisha kulifanya kosa hilo kwa CD ya kaswida za madrasa aliyosomea, na ni bahati tu kwamba CD yenyewe ilikuwa haijatupwa. Sauti huhamishwa kwa programu maalumu. Windows Media Player ina uwezo huo. Chagua muundo wa FLAC ukitaka sauti yote ilivyo, au MP3 ukitaka kubana nafasi.

Kwa DVD ya harusi, nakili folda nzima iitwayo VIDEO_TS, wala usichague faili moja moja. Na DVD ikionekana tupu, usikate tamaa mapema. Huenda ilirekodiwa kwa kamera na haikufungwa rasmi mwisho wa kurekodi. Kamera ileile, au programu ya kuokoa taarifa, inaweza kuifungua.

Tatu, diski ikikataa katika kifaa kimoja, ijaribu katika kingine. Visoma-diski hutofautiana katika uwezo wa kusahihisha makosa, na kilichoshindikana kwako huenda kikasomeka kwa jirani.

Nne, weka nakala mbili mahali pawili: moja katika diski ngumu ya nje, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine au katika hifadhi ya mtandaoni kama bando linaruhusu. Flashi peke yake haitoshi. Hupotea, huharibika, na haikuundwa kutunza kumbukumbu za miaka mingi.

Mwisho, fungua kila nakala na uisikilize au uitazame hadi mwisho kabla ya kuamini kwamba kazi imekwisha.

Anayeanza leo hahitaji kununua chochote. Kompyuta ya zamani iliyo kwenye kona, ikisubiri mnunuzi, ingali na kijidroo chake. Itumie kwanza, kisha ndipo uiage.