Kilabu kisichouza pombe

Mwambie mzee yeyote wa Ngara kwamba kuna kilabu kinafunguliwa Benaco, naye atakuuliza swali moja tu: pombe ya ndizi au ya mtama? Huku kwetu kilabu ni benchi la mbao, kibuyu cha rubisi na hadithi isiyo na mwisho. Mweleze kwamba hiki ni kilabu cha kujifunza kuongea, atacheka mpaka akohoe. Kuongea ndiko kunakofanyika kilabuni miaka yote. Ni nani amewahi kunywa rubisi kimya?

Mzee ana hoja, na hoja yake inastahili jibu.

Benaco haikosi wasemaji. Pale njia panda, katika kata ya Kasulo, barabara moja inashuka Rusumo kuelekea Kigali, nyingine inakwenda Ngara mjini hadi Kabanga, mpakani mwa Burundi, na nyingine inarudi Lusahunga, wilayani Biharamulo, kuitafuta Kahama na hatimaye Dar es Salaam. Malori yanapumzika hapo, na basi likisimama tu mpiga debe ameshafika dirishani. "Kahama, Kahama, siti mbili, twende!" Kwa pumzi moja amesema gari linakwenda wapi, limebakiza nafasi ngapi, na kwamba ukizubaa utaachwa. Hakusema itifaki imezingatiwa. Hakushukuru kwa kupewa nafasi hii adimu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe la huyu lina kitu ndani, kwa sababu abiria akidanganywa leo, kesho hageuki akiitwa.

Sasa mchukue kijana huyo huyo umkalishe kwenye mkutano wa kijiji. Mapato na matumizi yamesomwa harakaharaka, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye swali, na kinachosikika ni kuku. Mkutano unafungwa kwa makofi. Ni njiani, watu wakirudi nyumbani wawili wawili, ndipo mkutano wenyewe unapoanza.

"Ile hela ya zahanati mbona imetajwa mara mbili?"

"Na wewe si ulikuwepo? Mbona hukuuliza?"

"Ningesemaje mbele za watu, ndugu yangu?"

Wakifika kilabuni, kila mmoja ni wakili. Saa mbili usiku, hoja ya zahanati imechambuliwa kwa ufasaha ambao diwani angeuonea wivu. Asubuhi hakuna anayeikumbuka, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba wananchi hawakuwa na swali.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inampa kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mara nne kwa mwaka mkulima wa migomba anaweza kumuuliza kiongozi wake swali ana kwa ana. Nafasi hiyo ipo kisheria. Ujasiri wa kuitumia haukuandikwa kwenye kifungu chochote, na hapo ndipo kilabu cha kuongea kinapopata kazi.

Wazo lenyewe lina umri wa karne. Tarehe 22 Oktoba 1924, katika jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, Ralph Smedley aliwakusanya wanaume wachache waliotaka kujifunza kusimama na kusema. Smedley alikuwa amefanya kazi na vijana kwa miaka mingi, na aliona kwamba wengi walijua kazi zao lakini wakipewa kikao wakiendeshe wanatetemeka. Mkusanyiko ule ukazaa mtandao wa Toastmasters, ambao leo una vilabu katika nchi zaidi ya 140; Dar es Salaam, Nairobi na Kampala navyo vipo. Kilabu kipya kinahitaji wanachama 20 ili kisajiliwe, na ada hutozwa kwa dola. Kwa Benaco hilo ni lango jembamba. Ila utaratibu wake hauna kufuli, na ndio wenye thamani.

Kikao cha kawaida kina sehemu tatu. Kwanza husimama wenye hotuba zilizoandaliwa, kila mmoja dakika tano hadi saba. Kisha huja maswali ya papo kwa papo: unaitwa jina, unatupiwa swali ambalo hukulitegemea, na una dakika moja au mbili za kulijibu. Mwisho ni tathmini. Mtu aliyepangwa tangu mwanzo amsikilize msemaji fulani anasimama dakika mbili tatu, anataja kilichomgusa, kilichompoteza, na jambo moja la kurekebisha wiki ijayo.

Ukihesabu kazi zilizogawiwa chumbani humo, utagundua kitu ambacho mzee wetu wa rubisi hakukitarajia. Wasemaji ni wachache. Kuna mtunza muda mwenye kadi ya kijani, ya njano na ya nyekundu. Kuna anayechunga lugha, akiandika neno zuri lililotumika na sentensi iliyovunjika mguu. Kuna anayehesabu vikorokoro vya ulimi: "aaa", "yaani", "nanii", "kwa hiyo", na ule msemo wetu wa "kwa namna moja ama nyingine", ambao haujawahi kueleza namna hata moja. Kuna watathmini, mmoja kwa kila hotuba. Jumla yao ni kubwa kuliko ya wasemaji. Hiki kinachoitwa kilabu cha kuongea, kwa kweli, ni kilabu cha kusikiliza. Kilabu cha rubisi kina kila kitu isipokuwa hicho: kumi wanasema kwa pamoja na hakuna aliyeshika saa.

Niliujua upungufu huo kabla sijajua jina lake. Nikiwa kidato cha pili, mdahalo ulifanyika kila wiki, kwa Kiingereza, na hoja ilikuwa ile ambayo imezeeka katika shule za nchi hii: elimu ni bora kuliko fedha. Niliikariri hotuba yangu kwa siku nne. Nilisimama, nikamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wapinzani wangu, nikasema sentensi mbili, na ya tatu ikakataa kuja. Darasa zima likacheka. Niliketi. Upande wetu ukashindwa kwa wingi wa makofi, tukaenda kula maharage. Hakuna aliyeniambia kwamba kosa langu lilikuwa kukariri maneno badala ya kushika hoja. Nilichojifunza ni kutokunyoosha mkono tena, na somo hilo nilifaulu vizuri mpaka kidato cha nne.

Hata hivyo, mdahalo wa shule si wa kudharauliwa. Julius Nyerere alishiriki midahalo akiwa mwanafunzi wa Tabora, na tarehe 7 Machi 1955 kijana huyo wa Butiama alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika. Mwaka huo huo, Dar es Salaam, Bi Titi Mohamed alianza kuwaingiza wanawake TANU. Yeye, tofauti na Nyerere, hakupita Makerere. Elimu yake ilikuwa ya msingi, lakini alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Katika ngoma ile mtu hujifunza kushika hadhira, kupandisha na kushusha sauti, kujua lini watu wamechoka, na pia kunyamaza wengine waitikie. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga na chama. Mmoja alinolewa na mdahalo, mwingine na ngoma. Wote wawili walipitia kikundi kidogo kilichowasikia kabla taifa halijawasikia.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niitaje Benaco na si njia panda nyingine yoyote. Mahali hapa panajua uzito wa maneno.

Jina lenyewe ni la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Dunia ililisikia mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, ndani ya saa 24 hivi. Kwa muda Benaco ikawa kambi kubwa ya wakimbizi kuliko zote duniani. Chini ya daraja, wakati watu wakivuka na magodoro kichwani, mto Kagera ulikuwa umebeba maiti.

Njia ile ya maji ilikuwa imetajwa jukwaani kabla. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, kaskazini magharibi mwa Rwanda, Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama tawala. Alikuwa msomi wa lugha, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Canada. Alijua mithali, alijua mzaha, alijua kupandisha sauti. Katika hotuba hiyo alizungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo ndio unaoingia Kagera, na Kagera ndio unaopita Rusumo. Baada ya hapo redio ya RTLM iliendeleza lugha hiyo kila siku. Mugesera alirudishwa Rwanda kutoka Canada mwaka 2012, na Aprili 2016 mahakama mjini Kigali ikamhukumu kifungo cha maisha.

Sisemi kwamba kadi nyekundu ya kilabu ingezuia mauaji ya kimbari. Huo ungekuwa utoto. Ninachosema ni kwamba ufundi wa kusema, peke yake, ni kisu tu: hauulizi kinachokatwa. Mahali ambapo kazi pekee ya hadhira ni kupiga makofi, msemaji hodari ni hatari kuliko msemaji mbovu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kilabu kinakua kwa kipimo gani, siangalii vikombe vya mashindano wala idadi ya waliogeuka kuwa washereheshaji wa harusi. Naangalia kama mwanachama wa miezi sita anaweza kusimama na kumwambia mwenzake anayependwa na wote, "Hotuba yako imependeza, lakini ile hesabu uliyoitaja ilitoka wapi?"

Ngara imeshaonja upande wa pili wa maneno pia. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya matumaini kwa wakimbizi na kwa wenyeji waliowapokea. Redio, chombo kile kile kilichotumika kuwawinda watu ng'ambo ya mto, huku ikawa ya kuwapa watu habari za mgao, afya na ndugu waliopotezana. Chombo hakikubadilika. Waliobadilika ni walioshika kipaza sauti.

Sasa tuje kwenye mambo ya mikono. Kilabu cha Benaco kinahitaji nini? Watu 12 wanatosha. Darasa tupu la Jumamosi jioni linatosha. Vipande vitatu vya boksi lililopakwa rangi ni kadi za muda, na saa ya simu inamaliza kazi. Lugha iwe Kiswahili, kwa sababu anayejifunza kusimama asibebeshwe pia mzigo wa Kiingereza. Mhangaza au Mshubi akitaka kuanza na methali ya nyumbani, aanze, kisha aitafsiri. Mchunga lugha atakuwa na cha kuandika. Mada za papo kwa papo zitoke hapo hapo njia panda: bei ya ndizi, bodaboda wasiovaa kofia, malori yanayoegeshwa mbele ya maduka, mtoto anayetumwa kuuza karanga wakati wa shule.

Na kuwe na sheria moja ambayo haipindwi: kila kikao, kazi ya uenyekiti na ya tathmini igawanywe sawa kati ya wanawake na wanaume. Katika mikutano yetu akina mama hukaa nyuma na watoto mgongoni, na mwanamke akisema, mwanamume wa mbele hujibu kabla hajamaliza. Mbele ya mtunza muda hilo haliwezekani. Kadi haijawa nyekundu, basi mama bado anasema, na wewe bado unasikiliza. Pengine hilo ni fundisho kubwa kuliko hotuba yoyote itakayotolewa humo.

Usitarajie miujiza. Mwanachama mpya husoma karatasi, na karatasi hutetemeka. Kikao cha tatu hunyanyua macho mara mbili. Cha sita huacha karatasi na kupotea njia katikati, na safari hii hachekwi, kwa sababu kila aliyeketi pale ameshapotea njia hiyo hiyo. Cha kumi hupewa kazi ya kutathmini, na hapo ndipo hugundua kwamba kumsikiliza mtu dakika saba bila kuandaa jibu lako kichwani ni kazi ngumu kuliko kuhutubia. Mpiga debe wetu akipita humo hatapoteza ufupi wake. Ataongeza tu uwezo wa kubaki baada ya kusema, asubiri swali.

Kwa mzee wa Ngara, basi, jibu ndilo hili. Kilabu chako kiendelee, na rubisi isikauke. Hiki kingine kimekusudia kukuibia kitu kimoja tu, nacho ni yale mazungumzo ya njiani. Siku mkutano wa kijiji utakapofungwa, watu wakarudi nyumbani wawili wawili wakizungumzia mvua na migomba, kwa sababu habari ya zahanati imeshaulizwa na kujibiwa kule kule mbele ya mwenyekiti, tutajua kilabu kimekua.