Mbwa Akiamka, Je, Misuli Nayo Imeamka?

Nyumbani Tanzania mbwa wetu alikuwa mlinzi wa uani. Huku Tumba, kusini mwa Stockholm, Simba analala mlangoni pa chumba cha binti yangu. Alipopata mtoto wa jicho na kupangiwa upasuaji, binti aliniuliza kila usiku: "Mama, ataamka kweli?" Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, lakini swali lile lilininyima usingizi.

Katika upasuaji huo mbwa huvutishwa gesi ya usingizi, mara nyingi isoflureni au sevoflureni. Usingizi ukikolea, jicho hugeukia chini. Ili lirudi katikati, daktari huongeza dawa ya kulegeza misuli, kama atrakuriamu au rokuroniamu. Dawa hiyo hulegeza hata misuli ya kupumua, hivyo mashine humpumulia.

Hapo ndipo dawa mbili hukutana. Gesi yenyewe hupunguza usikivu wa misuli kwa ujumbe wa neva. Kwa hiyo dozi ileile ya kulegeza huwa na nguvu zaidi, na hukawia kwisha, kuliko mbwa akilazwa kwa dawa ya mshipani kama propofoli. Gesi ikiwa nyingi au ya muda mrefu, hali huzidi. Mwili ukipoa, vivyo hivyo. Tena kulegea si kulala: dawa hiyo haiondoi maumivu wala fahamu. Mbwa asiyejitikisa bado anahitaji usingizi wake.

Nikisomea stashahada, nilimwona mama mmoja amefumbua macho baada ya upasuaji, lakini hawezi kuinua kichwa wala kuvuta pumzi ya kutosha. Mtaalamu wa nusukaputi alimpumulia kwa mfuko mpaka nguvu zikarudi. Macho yale sijayasahau.

Basi nikamuuliza daktari wa Simba: "Mtajuaje misuli imerudi kabla ya kutoa mrija?" Akanionyesha kifaa kinachoshtua neva ya mguu mara 4 mfululizo na kupima msuli unavyojibu. Jibu la nne likifikia angalau asilimia 90 ya la kwanza, mrija unaweza kutolewa. Lisipofika, husubiri au humpa dawa ya kuzimua, kama neostigmini.

Simba alirudi jioni, shingoni kavaa kola pana, akalala mlangoni pake.

Ndugu msomaji, ugenini tunaogopa kumsumbua daktari. Uliza swali hilo, kwa mbwa wako na hata kwa mwanao. Kuuliza si ujinga.