Tindo Moja, Mioto Miwili

Tindo yangu ya kwanza ilivunjika kwa pigo la tatu. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe uani kwa springi kuukuu ya gari, nikainoa hadi ikang'aa, kisha nikaielekeza kwenye bolti iliyoshikwa na kutu na kupiga nyundo. Ncha ilikatika kwa mlio kama wa glasi, ikapita karibu na shavu langu na kugonga bati la uzio. Jirani yangu, mzee aliyefua chuma tangu ujana wake, aliokota kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga na kunionyesha palipokatikia. Palikuwa na chembe kubwa zinazometameta, mithili ya chumvi ya mawe.

"Mwanangu, hii uliipasha wapi?"

Nikamjibu kwamba ni papo hapo uani, saa saba mchana.

"Chuma hakipashwi juani," akasema. "Jua limekuficha rangi."

Maneno hayo machache yana elimu kubwa, nami nimeyabeba hadi leo. Kila kijana anayekuja kwenye karakana yangu ya nyumbani akitaka kujifunza kufua chuma kwa burudani za mwisho wa wiki, mara nyingi huja na picha ya kisu cha fahari kwenye simu yake. Mimi humwanzisha na tindo. Kisu kinaweza kupendezeshwa kwa mpini wa mpingo na ala ya ngozi, na chuma chake kikawa kibovu mwaka mzima pasipo mtu kujua. Tindo haina pa kujificha, kwa kuwa siku ile ile itakata chuma kingine, au itajikunja, au itavunjika. Kinachoamua ni mioto miwili inayopitia baada ya kufuliwa: wa kwanza huikaza, wa pili huilegeza kidogo.

Tuanze na chuma chenyewe. Vitu tunavyoviita chuma huku mtaani havilingani hata kidogo, na kinachovitenganisha zaidi ni kaboni. Chuma laini cha mageti na madirisha huwa na kaboni kama asilimia 0.2. Ukikipasha na kukitumbukiza kwenye maji kutwa nzima, hakitakaza kiasi cha kukata chuma mwenzake. Springi ya gari ina karibu asilimia 0.6, pamoja na kromi au silikoni kidogo. Tupa nzuri huvuka asilimia 1. Tofauti hiyo ni ndogo kama chumvi kwenye sufuria ya maharage, lakini ndiyo inayoamua kila kitu.

Mashine ya grinda itakusaidia kuvitambua. Gusisha kipande kwenye diski ukiwa kivulini na utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka. Springi hutoa mistari inayopasuka njiani na kutawanyika kama vinyota. Tupa hupasuka zaidi, karibu kabisa na diski. Mazoezi ya nusu saa yanatosha kukuzoesha.

Mimi hupendelea springi ya koili, ile iliyojizungusha, yenye unene wa milimita 12 hadi 14. Nunua iliyokwisha kutolewa kwenye gari na kulegea. Springi iliyobanwa bado kwenye shokamzoba ina nguvu ya kuua mtu, kwa hiyo kuitoa waachie mafundi wa gereji wenye kifaa cha kuibana. Mzunguko mmoja wa koili yenye upana wa sentimita 12 una urefu wa karibu sentimita 38, yaani unatoa tindo mbili za sentimita 18 hivi.

Jambo jingine sitalisema kwa sauti ya chini: kipande chochote kilichopakwa zinki, kama bati, bomba la maji au waya wa senyenge, kisiingie motoni. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na makaa yanayopulizwa hewa huvuka joto hilo upesi sana. Moshi wake mweupe huleta homa, kutetemeka na kubanwa kifua saa chache baada ya kuuvuta, na mtu hudhani ameshikwa na malaria.

Tanuri la nyumbani halihitaji fedha nyingi. Rimu ya gari iliyokandikwa udongo wa mfinyanzi, bomba la chuma lisilo na zinki la kuingiza hewa kwa chini, mkaa mgumu, na kitu cha kupuliza. Mafundi wengi wa jua kali hutumia gurudumu la baiskeli linalozungusha feni kwa mkanda. Drai ya nywele nayo inafaa, mradi iwekwe mbali na joto. Jiko hili lisiwashwe ndani ya chumba hata siku moja, kwani mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwa fuawe, kipande kizito cha ekseli kilichosimamishwa kwenye gogo kinatosha. Ukiuziwa kipande cha reli kisicho na risiti, kikatae. Reli iliyong'olewa njiani ni roho za abiria.

Vyombo hivi duni visikuvunje moyo. Kule Kagera, wahunzi wa Kihaya waliyeyusha chuma kwa tanuri za udongo, mkaa, matete ya mabwawani yaliyochomwa shimoni, na mivukuto. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya ufundi huo na mabaki yake ya kale katika eneo hilo, wakiwa wamejifunza kwa wazee waliojenga tena tanuri na kuliwasha. Wazee wale hawakuwa na kipimajoto. Walitegemea macho, na wewe uani kwako utategemea macho hayo hayo.

Kufua kwenyewe si kugumu. Pasha kipande hadi kiwe rangi ya chungwa, kinyooshe, kisha utandaze ncha taratibu kwa urefu wa sentimita tano hadi ibaki na unene wa milimita tatu hivi. Wekundu ukianza kufifia, kirudishe motoni. Usiendelee kukipiga kwa sababu tu umebakiza mapigo mawili, maana hapo unakitia nyufa ambazo leo hutaziona. Isawazishe ncha kwa tupa, lakini usiinoe bado. Acha ukingo wenye milimita mbili, kwa sababu ukingo mwembamba huungua na kupasuka kabla tindo haijaonja kazi.

Baada ya kufua, kipumzishe chuma. Kipashe mpaka sumaku isikishike, kisha kitundike kwenye hewa tulivu kipoe chenyewe hadi kiwe cheusi. Fanya hivyo mara tatu. Nyundo na moto mkali vimezivuruga na kuzikuza chembe za ndani, na kila mpasho wa kiasi hiki huzifanya zizaliwe upya zikiwa ndogo zaidi. Ile chumvi ya mawe aliyonionyesha mzee ilitokana na kuruka hatua hii, na kutokana na jua. Mchana wa jua kali, chuma kilichokwisha kuwa chekundu sana huonekana kama bado hakijaiva, nawe unaongeza moto. Fanya kazi hii jioni, au chini ya paa penye giza la kutosha.

Sasa moto wa kwanza. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770, jambo ambalo Pierre Curie alilichunguza na kulitangaza mwaka 1895. Kwa fundi wa nyumbani hicho ni kipimajoto cha bure: sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu. Ikiacha kushika, bado hujafika. Springi hutaka nyuzi 820 hivi, yaani rangi moja mbele, wekundu unaoanza kuelekea chungwa. Kwenye joto hilo fuwele za chuma hujipanga upya na kuipokea kaboni ndani yake. Zikipozwa polepole, kaboni hupata wakati wa kutoka. Zikipozwa ghafla, hunaswa humo humo, na fuwele hubaki zimekakamaa kwa mkazo mkubwa. Umbo hilo gumu lilipewa jina la martensaiti mwaka 1895 na Floris Osmond wa Ufaransa, kumuenzi Adolf Martens wa Ujerumani.

Kosa langu jingine lilikuwa maji. Maji hupoza haraka kuliko springi inavyostahimili, nayo hupasuka. Tumia mafuta ya alizeti, yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ndani ya kopo refu la chuma lenye mfuniko wake kando. Usitumie oili chafu ya injini, kwani moshi wake una sumu. Pasha sentimita sita au saba za mbele, kisha zamisha tatu tu, ukiipandisha na kuishusha tindo kidogo ili pasiwe na mstari mkali kati ya palipopoa na palipo na moto. Mafuta yanaweza kushika moto juu. Toa tindo, funika kopo, na usimwagie maji kwa namna yoyote.

Pitisha tupa kwenye ncha. Ikiteleza kama inapita kwenye kioo, chuma kimekaza. Wengi hushangilia hapa na kuacha, nami ndivyo nilivyofanya. Lakini chuma kilichokazwa hivyo ni kigumu na pia ni chepesi kuvunjika kuliko kigae.

Moto wa pili ndio unaonifurahisha zaidi katika ufundi huu wote, na tindo ndiyo inayouonyesha vizuri. Shina uliloliacha nje ya mafuta bado lina moto. Sugua ncha haraka kwa kipande cha jiwe la kunolea mpaka ing'ae kama fedha, kisha tulia na utazame. Joto linatambaa kutoka shinani kuelekea ncha, na rangi zinatangulia mbele yake. Kwanza manjano hafifu kama nyasi za kiangazi, kwenye nyuzi 220 hivi. Nyuma yake kahawia, karibu nyuzi 255. Halafu zambarau, karibu 280. Mwisho bluu, kwenye 300. Ni utando mwembamba mno wa kutu changa unaoongezeka unene kadiri joto linavyopanda, nao huichezesha nuru kama tone la dizeli juu ya dimbwi barabarani. Wakati huo huo, ndani ya chuma, kaboni iliyonaswa inaachiwa kidogo kidogo na ule mkazo unapungua.

Tindo ya kukatia chuma huitaka zambarau. Rangi hiyo ikifika ukingoni, nawe umehakikisha shina limekwisha kupoteza wekundu wote, tumbukiza ncha kwenye mafuta kuzima safari hiyo, kisha uache sehemu iliyobaki ipoe yenyewe. Mchezo wote hauzidi dakika moja au mbili, kwa hiyo simu na mazungumzo viwekwe kando. Bluu ikikuwahi, usijidanganye: rudi kwenye moto wa kwanza. Kisu cha jikoni kingetaka ugumu zaidi, manjano hafifu, na kwacho ovena ya nyuzi 200 kwa saa mbili ni salama kuliko jicho.

Kichwa cha tindo, pale nyundo inapopiga, usikikaze. Kichwa kilichokazwa hurusha vipande machoni. Kwa kuwa ni laini, kitachanua kama uyoga kwa mapigo, na kila kikichanua ukisage kirudi umbo lake.

Kwenye kusaga, nina ombi. Nimeona mara nyingi mno grinda ndogo iliyovuliwa kikinga na kuvishwa diski kubwa ya milimita 180. Diski hiyo imeruhusiwa mizunguko takriban 8,500 kwa dakika, wakati grinda ndogo huzunguka karibu 11,000. Ikipasuka, hakuna jicho wala shingo itakayoihimili. Kikinga kibaki, miwani ivaliwe, na usome tarehe iliyochapwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski, kwa sababu gundi inayoishikilia huzeeka hata dukani.

Springi moja itakupa tindo kadhaa, kwa hiyo usiitegemee ya kwanza kufanya kazi. Ikishapitia moto wa kwanza, kabla ya kuipeleka kwenye wa pili, ibane ncha kwenye jiliwa, ifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani, na uivunje makusudi kwa nyundo. Peleka kipande kwenye mwanga. Ukiona chembe za chumvi ya mawe, moto wako ulizidi. Ukiona kijivu laini kama majivu yaliyochekechwa, tengeneza ya pili kwa moto ule ule.