Roketi za Ngomeni na redio ya usiku Kagoma

Jua likizama Kagoma, wilayani Muleba, mwenye redio ya masafa ya kati huanza kunasa stesheni za mbali ambazo mchana hazipatikani hata akipanda mlimani. Wapo wanaosema ni baridi ya usiku. Sababu iko juu zaidi, kati ya kilomita 60 na 90 kutoka ardhini, kwenye tabaka la hewa liitwalo D.

Mchana, miale mikali ya jua hung'oa elektroni kwenye hewa nyembamba ya huko, na hewa hiyo humeza mawimbi ya redio. Usiku elektroni hurudi kwenye chembe zake, tabaka hufifia, mawimbi hupenya hadi matabaka ya juu yanayoyarudisha chini, mamia ya kilomita kutoka kwenye mnara.

Tabaka hilo la D ni gumu kulifikia. Puto la hali ya hewa hupasuka kwenye kilomita 35 hivi. Setilaiti nayo ikishuka chini ya kilomita 150 haidumu, hewa huivuta ikaungua. Kinachofika hapo katikati na kupima papo hapo ni roketi ndogo ya utafiti.

Afrika Mashariki roketi hizo zilirushwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi nchini Kenya, takriban kilomita 950 mashariki ya Bukoba. Mwaka 1964 Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, kwa ushirikiano na NASA ya Marekani, walianza kurusha roketi ya hatua mbili iitwayo Nike-Apache kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini.

Fueli ya roketi hiyo ilikuwa yabisi. Kemikali inayoungua na ile yenye oksijeni huchanganywa pamoja, zikagandishwa ndani ya bomba, na katikati huachwa tundu. Moto huanzia humo kwenda nje. Ukishawaka hauzimiki, hata mkuu wa kituo akibadili mawazo! Faida ni kwamba roketi hukaa tayari, ikisubiri saa wanayoitaka watafiti. Hatua ya kwanza, Nike, iliwaka sekunde tatu na nusu hivi, na ya pili, Apache, kama sita. Baada ya hapo ilikuwa kasi tu: vyombo vilipanda, vilipima, vilianguka, yote kwa dakika sita au saba.

Roketi ya Scout, iliyopeleka setilaiti ya Uhuru kutoka Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, nayo ilitumia fueli yabisi. Uhuru ilichunguza eksirei za nyota, ambazo ardhini hazionekani kwa kuwa angahewa huzizuia zote.

Lakini miale ya jua iitwayo urujuanimno haizuiwi yote. Ozoni hunyonya sehemu kubwa, lakini ukanda wa ikweta una ozoni kidogo kuliko nchi za kaskazini, na jua la saa sita huwa karibu na utosi. Anayepalilia kahawa Muleba, hasa mwenye ualbino, anahitaji kofia pana na mikono mirefu hata kukiwa na mawingu, kwani wingu jepesi hupunguza joto kuliko linavyopunguza miale hiyo.